Kujua hakutoshi: mtafiti, chuo kikuu na kamusi elezo huru

Tanga ina msemo wake uliokwisha kuvuka mipaka ya mkoa: waja leo, waondoka leo. Kila mtu ana tafsiri yake. Mimi hunijia kila nimwonapo mtafiti akishuka stendi ya Kange na begi lililojaa madodoso. Atakaa wiki tatu, atahoji wavuvi wa Sahare na Kigombe, atapima miti Amani, atapiga picha makaburi ya Tongoni, kisha huyo, amekwenda. Baada ya miaka miwili tasnifu inakamilika. Nakala moja inaingia maktaba ya chuo, nyingine anabaki nayo msimamizi, nyingine inakaa kabatini kwa mwenyewe. Mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Chumbageni akitaka kujua jambo lile lile, anatoa simu, anaandika neno kwenye Google, na mara nyingi kinachotangulia kumjia ni Wikipedia, kamusi elezo huru ya mtandaoni. Humo hakuna hata mstari mmoja wa yule mtafiti.

Kwa nini basi watafiti wasiingie tu wakaandika? Swali hili huulizwa sana, nami naulizwa zaidi kwa kuwa Jumamosi zangu nyingi nakaa na walimu na wanafunzi mjini hapa tukihariri Wikipedia ya Kiswahili. Jibu lina mafundo zaidi ya moja, na wasomi wengi wakijikwaa kwenye fundo la kwanza hawarudi tena. Wanasema wale watu wa Wikipedia hawataki wataalamu. Si kweli, lakini naelewa wanavyofika hapo.

Wikipedia ilianza tarehe 15 Januari 2001. Ya Kiswahili ilifuata mwaka 2003, na leo ina makala zaidi ya 80,000, nyingi zikiwa fupi mno, zile ambazo wachangiaji wanaziita mbegu. Haina wahariri wa kuajiriwa wanaokaa ofisini kupitisha makala. Kila ukurasa una kitufe cha kuhariri, una historia inayoonyesha nani alibadilisha nini na saa ngapi, na una ukurasa wa majadiliano ambako wachangiaji huhojiana. Wakabidhi, yaani wachangiaji waliopewa na wenzao mamlaka ya kufuta kurasa na kuwazuia waharibifu, ni wachache, na wote wanajitolea. Profesa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingia humo wana haki sawa. Hapo ndipo ugumu unapoanzia.

Mimi mwenyewe nilipoanza niliandika aya nne kuhusu Ngamiani nilikokulia: barabara zake zinazohesabiwa kwa namba, nani walikuwa wauza mkate wa mofa, wapi taarabu ilipigwa hadi alfajiri. Yote kweli. Siku mbili baadaye aya tatu zilikuwa zimeondolewa, na kwenye ukurasa wa majadiliano kulikuwa na swali moja: "Ndugu, chanzo kiko wapi?" Niliumia. Chanzo ni mimi, nilizaliwa pale! Ilinichukua muda kuelewa kwamba aliyeuliza hakuwa akinikanusha. Alikuwa akimtetea msomaji wa Mbeya au wa Bujumbura ambaye hanijui, hajafika Ngamiani, na hana njia ya kujua kama mimi ni mzaliwa wa pale au ni mtu anayejitungia tu.

Mjumbe hatungi habari

Fundo la kwanza ndilo hilo. Kamusi elezo huru haipokei utafiti mpya. Haipokei hata kama ni sahihi, hata kama anayeuleta ni bingwa wa fani. Inapokea yale tu yaliyokwisha kuchapishwa mahali pengine panapoaminika, na inataka uonyeshe ni wapi. Kamusi elezo ni mjumbe. Mjumbe akianza kuongeza yake njiani, hata yakiwa mazuri, ujumbe umeharibika.

Chukua silikanti. Mwaka 1938 samaki huyu alinaswa pwani ya Afrika Kusini, karibu na mji wa East London, na wanasayansi wakashtuka kwa sababu walidhani jamii yake yote ilitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita. Huku kwetu, kuanzia mwaka 2004, wavuvi wa Tanga wakawa wanawatoa kwenye jarife la papa mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 2009 serikali ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Sasa fikiria mtafiti wa bahari aliyekaa miaka mitano akifuatilia kila silikanti aliyetua ufukweni. Daftari lake limejaa. Ameona kwamba wananaswa zaidi katika miezi fulani na kwenye nyavu zilizotegwa kina fulani. Ameyashuhudia kwa macho yake. Je, ayaandike Wikipedia leo jioni?

Hapana. Bado. Kwanza ayapeleke kwenye jarida, wataalamu wenzake wayapitie, yachapishwe. Baada ya hapo mtu yeyote, hata mwanafunzi wa sekondari, anaweza kuandika sentensi ile na kutaja jarida lile. Wapo wanaoona utaratibu huu ni mzunguko usio na maana. Mimi naona ndio unaoifanya kamusi iweze kusimamiwa na watu wasiojuana. Wikipedia haina namna ya kupima vyeti vya mtu aliyejificha nyuma ya jina la mtumiaji. Inachoweza kupima ni kama kitabu kile kipo, na kama kweli kinasema hivyo katika ukurasa uliotajwa.

Kanuni hii ina tawi ambalo watafiti hulisahau. Si kila kilichochapishwa kina uzito sawa. Ripoti ya jaribio moja ni hatua moja ya sayansi, na hatua moja inaweza kupotoka. Kwa mambo ya afya hasa, kamusi hutaka mapitio yanayokusanya tafiti nyingi, au miongozo ya mamlaka za afya. Mkoa wetu una mfano mzuri. Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11, katika nchi 7 za Afrika, vilivyofanya jaribio la mwisho la chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, likihusisha watoto zaidi ya 15,000. Bagamoyo ilikuwa kituo kingine. Mtafiti aliyefanya kazi Korogwe angetamani makala ya chanjo ijengwe juu ya matokeo ya Korogwe, na ni haki yake kuyaonea fahari. Lakini makala iliyo sawa hutegemea matokeo ya vituo vyote kwa pamoja, na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la Oktoba 2021 lililokuja baada ya chanjo hiyo kujaribiwa pia katika huduma za kawaida. Korogwe inatajwa kama sehemu ya hadithi. Haiwi hadithi nzima.

Mtafiti akishalielewa hili, anagundua kwamba utaalamu wake una kazi kubwa humo ndani, ila si kazi aliyoidhania. Yeye ndiye ajuaye ni kitabu gani kimepitwa na wakati. Ndiye ajuaye kwamba takwimu fulani inayonukuliwa kila mahali ilitoka kwenye ripoti moja, na wengine wote walinakiliana. Hilo la kunakiliana ni ugonjwa mbaya kuliko watu wanavyofikiri: mtu anaandika jambo Wikipedia bila chanzo, mwandishi wa gazeti analichukua, kisha mtu mwingine anarudi Wikipedia na kulitaja lile gazeti kama chanzo. Duara limefungwa, na uongo umepata cheti. Wa kulivunja duara hilo ni mtu anayezifahamu nyaraka za asili, na watu hao wako vyuoni.

Nitoe mfano wa mkonge, maana nani wa Tanga asiyeujua. Inaelezwa kwamba mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza vipando kutoka Florida, na vilivyofika vikiwa hai vilikuwa 62. Namba hiyo 62 inapendeza na inakaririwa mno. Mwanahistoria wa uchumi anayeingia Wikipedia afanye nini nayo? Aifuatilie hadi chapisho la zamani kabisa analoweza kulifikia, aliweke hilo kama rejeo badala ya tovuti iliyoikariri juzi, kisha aendelee na mambo ambayo hayakaririwi: mashine za kuchakata majani ya mkonge ziitwazo korona, vibarua walioletwa kutoka mbali kukata mkonge, uteuzi wa mbegu uliofanyika katika vituo vya utafiti vya Amani na Mlingano hadi ukazaliwa mkonge chotara namba 11648. Aya moja ya namna hiyo, yenye marejeo matatu yaliyochaguliwa na mtu anayejua, naithamini kuliko kurasa kumi za sifa.

Unapoandika habari za nyumbani kwako

Fundo la pili ni mgongano wa maslahi. Mhadhiri akiandika makala ya chuo chake, au ya mkuu wa idara yake, au akichomeka machapisho yake mwenyewe katika kurasa ishirini kwa siku moja, wachangiaji wengine hushtuka, na wana sababu. Kanuni haimfukuzi. Inamtaka ajitambulishe kwenye ukurasa wake wa mtumiaji, na badala ya kuhariri moja kwa moja apendekeze mabadiliko kwenye ukurasa wa majadiliano, mtu mwingine ayatazame. Mtu anayelipwa ili ahariri, kwa mfano ofisa uhusiano wa chuo, analazimika kusema nani anamlipa, na sharti hilo limo katika masharti ya matumizi ya Wikimedia tangu mwaka 2014. Akaunti nayo ni ya mtu, si ya idara. Akaunti inayotumiwa na watu watano ofisini itafungiwa mapema.

Hapa huwa naulizwa: sasa wanasayansi wetu wataandikwa na nani, ikiwa sisi wenyewe haturuhusiwi kujiandika? Ni swali zito. Mwaka 2018 Donna Strickland wa Kanada alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia, hakuwa na makala katika Wikipedia ya Kiingereza. Rasimu moja ilikuwa imeletwa miezi michache kabla, ikakataliwa kwa sababu haikuwa na vyanzo huru vya kutosha vinavyomzungumzia. Ikiwa hilo lilimpata mwanafizikia wa Kanada, mtafiti mwanamke wa mbu pale Muheza ana nafasi gani? Ukurasa wa wasifu kwenye tovuti ya chuo hauhesabiki kuwa chanzo huru, kwa sababu chuo kinamsifu mtu wake. Kinachohesabika ni makala ya gazeti, sura ya kitabu, kumbukumbu iliyoandikwa na watu wasio na maslahi naye. Kwa hiyo kazi inarudi nyuma hatua moja: waandishi wa habari wawaandike watafiti wetu kwa kina, wasisubiri tuzo, na vyuo viwafungulie milango. Wikipedia itafuata.

Kabati lililofungwa

Nifike sasa kwenye jambo ninaloliamini kuliko yote niliyokwisha kusema. Mchango mkubwa kabisa ambao chuo kikuu kinaweza kuutoa kwa kamusi elezo si makala. Ni vyanzo vilivyo wazi.

Wachangiaji wa Kiswahili hawakosi ari. Wanachokosa ni cha kunukuu. Kijana wa Makorora anaweza kuandika vizuri kuhusu misitu ya Usambara, lakini makala za kisayansi zinazohusu misitu hiyo nyingi ziko nyuma ya ukuta wa malipo, na bei ya kusoma makala moja inaweza kumaliza posho yake ya wiki. Tasnifu za uzamili zilizoandikwa na Watanzania kuhusu misitu ile ile ziko kwenye rafu, hazina hata muhtasari mtandaoni. Utafiti wa lahaja ya Kimtang'ata, inayozungumzwa hapa hapa kusini mwa mji wetu, uliochapishwa na W. H. Whiteley mwaka 1956 huko Makerere, umeandikwa kwa Kiingereza, na mwenye Kimtang'ata chake akiutaka itambidi asafiri.

Vyuo vyetu kadhaa vimeanza kulitatua hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, SUA cha kilimo na MUHAS cha afya vina hifadhi za kidijitali ambamo tasnifu na makala za watafiti wao zinaweza kusomwa bure. Ni hatua kubwa. Lakini kuna jambo dogo la kisheria linaloiharibu kazi nzuri, nalo ni leseni, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hata wakutubi wazoefu huchanganyikiwa.

Kusoma bure na kutumia bure ni mambo mawili. Maandishi ya Wikipedia yako chini ya leseni huria iitwayo CC BY-SA, ambayo tangu mwaka 2023 iko katika toleo la 4.0. Inasema hivi kwa ufupi: chukua, tumia, badilisha, hata uza, mradi umtaje mwandishi na ukitoacho utoe kwa masharti hayo hayo. Picha nazo huwekwa Wikimedia Commons, ghala la pamoja lililofunguliwa mwaka 2004, linalotumiwa na Wikipedia za lugha zote. Sasa chuo kikiweka picha zake mtandaoni na kuandika chini yake "kwa matumizi yasiyo ya kibiashara tu", kinadhani kimekuwa mkarimu. Kumbe kimefunga mlango. Commons haipokei picha yenye sharti hilo, wala yenye sharti la kutobadilishwa. Mwalimu anayetaka kuchapa kitabu cha kiada na kukiuza kwa bei ya karatasi naye amezuiwa. Neno moja la tahadhari lililoandikwa na mwanasheria linaweza kuzuia picha elfu moja.

Maandishi ni tofauti kidogo na picha. Ukweli hauna mwenyewe. Kwamba silikanti walinaswa Tanga kuanzia 2004 ni jambo ambalo yeyote anaweza kulieleza kwa maneno yake, akataja chanzo, hata kama chanzo hicho kina hakimiliki kali. Kinachomilikiwa ni namna mwandishi alivyolieleza. Ndiyo maana mtafiti anayenakili ukurasa mzima wa makala yake ya jaridani na kuubandika Wikipedia anafutiwa, na akifutiwa anafoka: lakini niliyeandika ni mimi! Ni kweli aliandika yeye, ila aliposaini mkataba na mchapishaji huenda alikabidhi haki ya maneno yale. Tena wakabidhi hawana njia ya kujua kama kweli ndiye. Njia mbili zimo wazi. Ya kwanza, aandike upya kwa lugha nyepesi, jambo ambalo linamfaa msomaji zaidi. Ya pili, kama haki bado ni zake, atume barua pepe ya idhini kutoka anwani yake ya chuo kwenda kwa wachangiaji wanaoshughulikia ruhusa, nao huweka alama kwenye ukurasa husika.

Picha ndiyo sadaka nyepesi kuliko zote, na ndiyo inayosahaulika. Mtafiti anayerudi kutoka porini na picha 400 hutumia sita kwenye tasnifu. Zilizobaki zinafia kwenye kompyuta. Mashine ya korona ikichakata mkonge, singa zikianikwa juani, jarife likishonwa chini ya mkungu, jengo la Boma ya zamani kabla ya ukarabati: hizo ni picha ambazo Wikipedia za lugha 300 zinaweza kuzitumia bila kumwomba mtu. Sharti la utu tu ndilo lisivukwe. Usiweke sura ya mgonjwa, ya mtoto, wala ya mtu aliyekubali kupigwa picha kwa ajili ya utafiti peke yake.

Ipo pia Wikidata, iliyoanza mwaka 2012, ambayo ni ghala la taarifa fupi fupi: mahali hapa pako latitudo gani, spishi hii ilipewa jina mwaka gani, mwandishi huyu alizaliwa wapi. Ukiingiza mara moja, lugha zote zinaweza kuvuta. Kwa watu wa takwimu na ramani, huko ndiko kwao.

Darasa linapohariri

Vyuo vingi duniani sasa huwapa wanafunzi kazi ya kuboresha makala za Wikipedia badala ya insha ambayo ingesomwa na mhadhiri mmoja na kutupwa. Chuo cha tiba cha UCSF kule California kilianza kuwapa wanafunzi wa udaktari wa mwaka wa mwisho somo kamili la kazi hiyo mwaka 2013. Huku kwetu, mwaka 2009 na 2010 kampuni ya Google iliendesha mashindano ya kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo wa Tanzania na Kenya. Makala mamia ziliandikwa. Zawadi zilipotolewa, wengi wa walioandika hawakurudi, na wale wachangiaji wachache wa kudumu wakabaki na kazi ya kusafisha makala zilizofasiriwa haraka haraka. Lile lilikuwa funzo la bei kubwa: kinachohitajika ni watu watakaobaki, na watu hubaki wakiwa na mwenyeji.

Kwa hiyo mhadhiri anayetaka kulijaribu darasani kwake aanze yeye. Ahariri mwezi mzima peke yake, afutiwe, ajadiliane, azoee. Atoe taarifa kwa wakabidhi kwenye Ukurasa wa Jumuiya kabla ya darasa kuingia, ili wasidhani wamevamiwa. Akaunti zifunguliwe siku kadhaa mapema, kila mwanafunzi kwa simu yake, kwa sababu mfumo unazuia kufungua zaidi ya akaunti 6 kwa siku kutoka anwani moja ya mtandao, na mtandao wa chuo kizima huonekana kama anwani moja. Nimeona somo zima la saa mbili likipotelea hapo, wanafunzi 40 wakitazamana. Na maksi zisitolewe kwa kuangalia kama makala imebaki au imefutwa, maana mwanafunzi atamgombeza mkabidhi ili afaulu. Maksi ziangalie vyanzo alivyovichagua, na alivyojibu alipoulizwa.

Aya moja kwa mwanafunzi inatosha. Nasema hivi kwa kuwa tamaa ya kila mtu ni kuanzisha ukurasa mpya, wakati mbegu maelfu zinangoja mbolea.

Tafsiri nayo ina hatari zake. Mwaka 2020 iligundulika kwamba maelfu ya makala za Wikipedia ya Kiskoti yaliandikwa na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa kamusi. Siku hizi mashine zinaweza kufanya hivyo kwa sekunde, na Kiswahili chake kinaweza kuonekana safi huku kimebeba upuuzi. Tena programu za kutafsiri na za kujibu maswali zenyewe hufunzwa kwa maandishi ya Wikipedia, kwa hiyo kosa tunalolipanda leo watavunishwa wajukuu zetu. Mtu wa isimu au wa Kiswahili katika chuo chochote, hata asipoandika makala hata moja, akipita tu kusahihisha istilahi na kutaja kamusi alizozitumia, ametenda jambo kubwa.

Kutafsiri kuna upungufu mwingine usioonekana haraka: unarithi macho ya mwenye lugha ya asili. Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walileta Tanga kikosi kutoka India kinachokadiriwa watu 8,000, wakashindwa na watu wapatao 1,000 waliokuwa chini ya kamanda wa Wajerumani Paul von Lettow-Vorbeck, na nyuki wakaingilia kati wakawauma wapiganaji. Katika vitabu vingi vya Kiingereza utakuta majina ya maofisa, meli zao na makosa yao. Askari Waafrika waliopigana pande zile, na wenyeji ambao mji wao uligeuzwa uwanja wa vita, hutajwa kwa jumla jumla. Ukitafsiri kitabu hicho, umetafsiri na ukimya wake. Kanuni ya kutoegemea upande inataka kila mtazamo uliochapishwa upewe nafasi kwa kadiri ya uzito wake. Usiochapishwa hauna nafasi, na ndipo kazi inapomrudia mwanahistoria wa chuo: atafute, ahoji, achapishe.

Najua mhadhiri atajibu kwamba kupanda cheo kunahesabu majarida na vitabu, wala hakuna anayeuliza ulihariri nini Wikipedia. Ni kweli, na ni haki kulalamika. Lakini zipo njia zilizojaribiwa. Jarida la RNA Biology, tangu mwaka 2008, limewataka waandishi wa aina fulani ya makala waandae pia ukurasa wa Wikipedia. PLOS Computational Biology lilianza mwaka 2012 kuchapisha makala zinazopitiwa na wataalamu, ambazo nakala yake huingia Wikipedia, hivyo mwandishi anapata chapisho na umma unapata makala. Na mwaka 2017 watafiti wawili, Neil Thompson na Douglas Hanley, walionyesha kwa jaribio la makala za kemia kwamba kilichoandikwa Wikipedia huonekana baadaye katika lugha ya majarida ya kisayansi yenyewe. Wanasayansi wanaisoma kama sisi wengine. Jarida la Kiswahili la chuo chochote chetu linaweza kuiga mpango huo bila kusubiri fedha za mtu.

Nimalizie na wavuvi, kwa kuwa ndio niliowaacha ufukweni. Visiwani Ngazija silikanti alikuwa na jina lake, gombessa, kabla ya profesa yeyote kumwona. Jina hilo leo limo katika kamusi elezo za lugha nyingi, na limo kwa sababu kuna mtu aliwasikiliza wavuvi wa kule, akaliandika, likachapishwa. Wazee wa Kigombe waliovuta jarife wakamwona samaki mwenye miguu ya mapezi wana maneno yao juu yake, wana siku wanayoikumbuka, wana maelezo ya upepo ulivyokuwa na kina walichotega. Mtafiti atakayeshuka Kange wiki ijayo anaweza kuwarekodi kwa ridhaa yao, akaandika majina yao kama wao wenyewe wanavyotaka yaandikwe, akachapisha mahojiano hayo kwa Kiswahili katika hifadhi ya chuo chake yenye leseni huria. Jumamosi inayofuata, mimi na kijana mmoja wa kidato cha tatu tutafungua ukurasa wa silikanti, tutabonyeza hariri, na tutakuwa na cha kunukuu.